Akaunti ya Msanii Imefungwa Bila Maelezo: Mwongozo Kamili wa Kuidai, Hatua kwa Hatua

Wasanii wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanaofungiwa akaunti za mitandao ya kijamii hukwama karibu wote mahali pamoja. Wanakata rufaa ndani ya dakika chache za mwanzo wakiwa na hasira, kwa jina lisilolingana na kitambulisho, tena kwa simu ya kuazima. Rufaa hiyo inakataliwa, na kuanzia hapo kila mlango unaofuata unakuwa mwembamba zaidi. Ndiyo maana katika mwongozo huu rufaa ni hatua ya tano, wala si ya kwanza.

Maelezo haya yanahusu zaidi Instagram, Facebook, YouTube na TikTok, kwa kuwa ndiko kazi nyingi za wasanii wetu ziliko. Yameandikwa kwa kumfikiria mwanamuziki, mwanakwaya, mchoraji na msusi wa vikapu vya Iringa anayeuza kazi zake kwa picha.

## Vinavyohitajika kabla ya kugusa chochote

- Simu ileile uliyozoea kufungulia akaunti, ikiwa na laini yake. Mifumo ya mitandao hii hukumbuka kifaa na mahali kinapotumika, hivyo ombi linalotoka kwenye simu ngeni huonekana kama la mwizi.
- Barua pepe na namba ya simu zilizosajili akaunti, zote mbili zikiwa zinafunguka leo. Kama barua pepe ni ya meneja wa zamani au ya prodyuza, anza kwa kumtafuta huyo.
- Kitambulisho chenye picha: kadi ya NIDA, pasipoti, leseni ya udereva au kadi ya mpiga kura. Namba ya NIDA yenye tarakimu 20 iliyoandikwa kwenye karatasi haitoshi hapa, hata kama inatosha kusajilia laini.
- Uthibitisho kwamba kazi ni yako: faili la mradi wa wimbo kutoka studio, makubaliano ya maandishi na prodyuza, cheti cha COSOTA (ofisi ya hakimiliki nchini), barua pepe za kampuni inayosambaza nyimbo zako, na namba za ISRC, yaani namba za utambulisho wa kila rekodi, za nyimbo hizo. Mchoraji atafute picha za kazi ikiwa bado nusu, kwa sababu hizo mwizi hawezi kuwa nazo.
- Daftari. Utaandika tarehe, saa na namba za kumbukumbu za kila ujumbe.

Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa haimo katika orodha hii. Ni karatasi nzuri kwa benki na kwa mahakama ya mwanzo, lakini muhuri wake haumshtui mtu anayepitia rufaa akiwa bara jingine.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba imefungwa kweli

Mambo matatu tofauti hufanana machoni: akaunti kufungwa, akaunti kuibiwa, na mtandao wenyewe kutopatikana nchini. Kila moja lina dawa yake, na kutumia dawa ya jambo moja kwa jingine ni kupoteza muda.

Anza na la tatu kwa sababu ndilo jepesi. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na mtu aliyeshindwa kuufungua siku zile angeweza kudhani amefungiwa yeye. Mwombe mtu mwingine, anayetumia kampuni nyingine ya simu, afungue akaunti yake mwenyewe kwenye mtandao huohuo. Akishindwa naye, tatizo si lako peke yako.

Kama yeye anaingia, mwambie atafute jina la akaunti yako. Akiiona ipo na inachapisha vitu usivyovijua, umeibiwa. Kwa Instagram nenda instagram.com/hacked, kwa Facebook facebook.com/hacked, na kwa YouTube anza na urejeshaji wa akaunti ya Google yenyewe. Wizi ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hivyo nenda pia kituo cha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi.

Akiambiwa ukurasa haupo, na wewe ukijaribu kuingia unaonyeshwa ujumbe wa kusimamishwa au kufungiwa, basi umefungiwa, na hatua zinazofuata ni zako.

Dalili ya mafanikio: unaweza kuandika kwenye daftari, kwa sentensi moja na bila kubahatisha, ni lipi kati ya hayo matatu limekupata.

## Hatua ya 2: Kusanya ushahidi, usibonyeze kitu

Piga picha ya skrini ya ujumbe ulioonyeshwa, tarehe na saa zikionekana. Kisha ingia kwenye barua pepe na utafute jina la mtandao husika, pamoja na kwenye sanduku la barua taka. Mara nyingi maelezo ambayo msanii anasema hakupewa yamelala humo, ingawa mara nyingi pia yanataja kanuni kwa ujumla bila kutaja chapisho.

Angalia anwani ya mtumaji herufi kwa herufi. Barua za kweli za Instagram hutoka kwenye anwani inayoishia na mail.instagram.com, na za Facebook huishia na facebookmail.com. Barua inayosema umevunja hakimiliki na kukutaka uingize nywila ndani ya saa 24 kupitia linki ni ya matapeli, na wasanii hulengwa zaidi kwa sababu neno hakimiliki huwatisha.

Andika pia siku ya mwisho ya kukata rufaa. Kwa Instagram na Facebook una siku 180 tangu kusimamishwa, na zikipita akaunti hufungwa moja kwa moja. Siku hizo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbia.

Onyo: usifungue akaunti mpya kwa simu ileile wiki hiyo. YouTube inakataza mwenye chaneli iliyofutwa kuanzisha au kutumia nyingine, na mitandao mingine huichukulia akaunti mpya kama njia ya kukwepa adhabu. Unaweza kuipoteza ya pili na kuiharibu rufaa ya kwanza kwa mpigo mmoja.

## Hatua ya 3: Tafuta sababu wewe mwenyewe

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria ya huduma za kidijitali inayozilazimu kampuni hizi kumweleza mtumiaji sababu za uamuzi, lakini sheria hiyo haimfikii mtu wa Mwanjelwa au Miyomboni. Inabidi uipekue akaunti yako kama anavyoipekua mashine, ukipitia sababu zinazowapata wasanii mara nyingi.

Hakimiliki ya wimbo wako mwenyewe. Hili huwashangaza wengi. Chukua mfano wa kwaya ya Tukuyu inayotoa albamu na kuipeleka kwa kampuni ya kusambaza muziki ili ifike kwenye majukwaa yote. Kampuni inaziingiza nyimbo kwenye mfumo wa YouTube unaotambua sauti, kisha katibu wa kwaya anapandisha video ya wimbo uleule kwenye chaneli ya kwaya. Mashine inaona sauti inayodaiwa na kampuni ikitokea mahali pengine, na inaweka dai. Dai la namna hiyo peke yake huondoa mapato au huizuia video hiyo, lakini haliifungi chaneli. Linalofunga ni onyo rasmi la hakimiliki, linalokuja pale mtu anapowasilisha ombi la kisheria la kuondoa video, na maonyo 3 ndani ya siku 90 huweza kuifuta chaneli nzima. Kwaya ikiwapa wasambazaji wawili wimbo mmoja, au prodyuza naye akiusajili kwa jina lake, mnaanza kupeana maonyo wenyewe kwa wenyewe bila kujua.

Biti isiyo yako peke yako. Midundo mingi inayouzwa mtandaoni kwa bei ndogo huuzwa kwa watu wengi kwa pamoja. Wa kwanza kuusajili wimbo wake kwenye mfumo wa utambuzi huonekana kuwa mwenye mdundo, na wengine wote hudaiwa. Tafuta risiti na masharti ya mauzo. Kama biti uliipata kwa rafiki kupitia WhatsApp, kubali kwamba huna la kuonyesha, na urudi studio.

Umri. Kijana anajaza mwaka ambao kundi lao lilianzishwa badala ya mwaka wake wa kuzaliwa, na mfumo unasoma kwamba mwenye akaunti ana miaka 6. Instagram na TikTok zinataka angalau miaka 13. Kosa hili ni dogo, na kitambulisho kimoja hulimaliza.

Jina na utambulisho. Msanii anajulikana kwa jina la jukwaani, laini imesajiliwa kwa jina la shemeji, na barua pepe ni ya meneja. Mtu akiripoti kwamba akaunti inajifanya mtu mwingine, hakuna kitu kimoja kinachokutetea.

Akaunti iliyounganishwa. Instagram yako inaweza kufungwa kwa kosa la akaunti nyingine iliyounganishwa nayo katika kituo kimoja cha akaunti (Accounts Center). Kama mtu wa matangazo aliunganisha kurasa zake na zako, uliza kama zake nazo zimefungwa.

Wafuasi wa kununua na programu za kufuata watu kwa zamu. Uliyempa nywila akuongezee wafuasi alitumia mashine kuingia kwa niaba yako, pengine kutoka nchi usiyoifahamu. Mfumo uliona hivyo.

Maudhui yaliyosomwa vibaya. Mchoro wa mtu asiye na nguo unaruhusiwa na Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, kama ni sanaa, na vivyo hivyo sanamu. Mashine, hata hivyo, huchanganya mchoro na picha halisi, hasa kama mchoro umepigwa picha karibu sana bila fremu wala ukuta kuonekana. Video ya ngoma ya asili ambamo wachezaji wako vifua wazi hukumbwa na hali hiyohiyo.

Wengi huruka moja kwa moja kwenye dhana kwamba wapinzani wao wamewaripoti kwa wingi. Huenda ni kweli waliripoti, lakini Meta husema idadi ya ripoti siyo inayoamua, na hata ingekuwa hivyo, bifu halifai kuandikwa kwenye rufaa. Anayesoma hawajui hao wenzako.

Dalili ya mafanikio: una sababu moja unayoiamini kuliko nyingine, pamoja na karatasi au faili linaloijibu.

## Hatua ya 4: Malizana na anayedai, kama yupo

Kama sababu ni hakimiliki, mtu aliyewasilisha dai anatajwa kwenye barua ya YouTube. Mwandikie kwanza. Akiwa ni msambazaji wako, mpe kiungo cha chaneli na umwombe aondoe dai na kuiweka chaneli kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Akiwa ni prodyuza wa mtaani kwako, nenda umwone ana kwa ana na mwandikiane makubaliano yenye saini, maana onyo likiondolewa na aliyeliweka mambo huisha haraka kuliko kwa njia nyingine yoyote.

Akikataa, ipo taarifa ya kupinga, ambayo unaweza kuiwasilisha hata chaneli ikiwa imeshafutwa. Hii ni hati ya kisheria chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1998. Ukishaiwasilisha, mdai ana siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amefungua kesi, na asipofanya hivyo kazi yako hurejeshwa.

Onyo: jina lako la kisheria na anwani yako hupelekwa kwa mdai, nawe unakubali kwamba kusema uongo kuna matokeo mahakamani. Usiitumie kwa wimbo ambao moyoni unajua biti yake si yako. Cheti cha COSOTA na makubaliano ya studio ndivyo vinavyokupa ujasiri hapa, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda hata usiposajili, lakini bila karatasi utakuwa na kazi ya kuthibitisha.

## Hatua ya 5: Kata rufaa, mara moja, kwa utulivu

Fungua programu kwa simu yako ya kawaida, jaribu kuingia, na ubonyeze kitufe cha rufaa kinachoonekana kwenye ujumbe wa kufungiwa. Njia ya ndani ya programu ni bora kuliko fomu unazotumiwa na watu, kwa sababu tayari imeshakutambua.

Barua iwe fupi, kwani nafasi ni ndogo na anayesoma ana nyingine nyingi. Ukiweza Kiingereza chepesi, kitumie; usipoweza, Kiswahili sanifu ni bora kuliko Kiingereza cha kubahatisha. Mfano:

*"Mimi ni mmiliki wa akaunti ya (jina la akaunti), iliyofungwa tarehe (…). Jina langu la kisheria ni (…), na jina langu la kisanii ni (…). Akaunti hii huchapisha nyimbo ninazoimba mwenyewe, zilizorekodiwa mwaka (…) na kusambazwa na (…). Ujumbe nilioupata haukutaja chapisho lililovunja kanuni. Naomba ipitiwe upya. Ninacho kitambulisho na uthibitisho wa umiliki wa kazi."*

Hakuna matusi, hakuna kutaja familia inayokutegemea, hakuna vitisho vya mahakama. Kama kuna kosa ulilifanya, mathalani programu ya kuongeza wafuasi, litaje kwa sentensi moja na useme umeiondoa.

Baada ya hapo huja uthibitisho wa sura, na rufaa nyingi hufia hapa. Utaombwa video fupi ya uso wako ukigeuza kichwa, au kitambulisho, au picha yako ukiwa umeshika karatasi yenye msimbo uliotumiwa.

Kwa karatasi, tumia kalamu nyeusi ya wino mzito kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari. Andika msimbo kama ulivyo, chini yake jina lako kamili, kisha jina la akaunti. Shika karatasi kifuani, uso mzima na mkono unaoishika vionekane. Kamera ya mbele ya baadhi ya simu hugeuza maandishi, kwa hiyo mwombe mtu akupige kwa kamera ya nyuma, halafu ukuze picha ujisomee kabla ya kutuma. Msimu wa ukungu wa Njombe au wa mvua za Mbeya, subiri saa sita mchana na usimame ukitazama dirisha au mlango ulio wazi. Taa ya balbu juu ya kichwa hutia kivuli machoni.

Kwa kitambulisho, kiweke mezani juu ya kitambaa cheusi, zima mwanga wa kamera ili kadi isimeremete, na uhakikishe pembe zote nne zimo. Nakala ya rangi nyeusi na nyeupe kutoka steshenari hukataliwa. Kama umelazimika kutumia kompyuta ya steshenari, toka kwenye barua pepe yako na ufute picha ya kitambulisho kabla hujaondoka, hata kama mwenye duka ni jirani.

Dalili ya mafanikio: unapata ujumbe au barua kwamba ombi limepokelewa na linapitiwa. Nakili namba ya kumbukumbu.

## Hatua ya 6: Subiri, na uwakimbie vishoka

Jibu huweza kuja baada ya saa chache au wiki kadhaa. Usitume rufaa ileile kila asubuhi. Angalia barua pepe mara moja kwa siku, usibadilishe laini, na usitumie VPN.

Ni katika siku hizi ndipo vishoka hujitokeza, wakidai wana mtu wa ndani makao makuu ya kampuni. Wanataka nusu ya malipo mapema, picha ya kitambulisho chako, na namba ya siri itakayoingia kwenye simu yako. Namba hiyo ndiyo ufunguo wenyewe. Akishaipata, hata akaunti ikirudi itarudi kwake, naye atakuuzia.

Wakati ukisubiri, tazama kama ukurasa wa kufungiwa una kitufe cha kupakua taarifa zako. Instagram na TikTok huwa nacho mara nyingi. Pakua picha na video zako usiku, bando likiwa nafuu.

## Hatua ya 7: Rufaa ikikataliwa

Soma maneno ya kukataliwa. Yakisema kitambulisho hakikusomeka, hujakataliwa; tuma tena picha bora. Yakisema uamuzi ni wa mwisho, zimebaki njia chache.

Msambazaji wa muziki wako ana njia zake za kuwasiliana na YouTube, hasa kama chaneli yako imetambuliwa kuwa chaneli rasmi ya msanii. Mwandikie ukiwa na namba ya kumbukumbu mkononi. Kama uliwahi kulipia matangazo Facebook au Instagram, jaribu pia huduma ya wateja wa biashara, ambako mara nyingine unajibiwa na mtu.

Ofisi za hapa nyumbani zina kazi zake, na inafaa kuzijua ili usizunguke bure. Ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya, lakini haifungui akaunti za kampuni za nje. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama namba iliyosajili akaunti imepotea na bado ni yako, duka la kampuni ya simu litakurudishia laini kwa alama za vidole. COSOTA hushughulika na umiliki wa kazi, na BASATA na usajili wako kama msanii. Nyaraka zao ni viambatisho vya rufaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa pia uamuzi unaofanywa na mashine peke yake, na malalamiko chini yake hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hiyo ni njia ndefu, inayomfaa zaidi msanii ambaye akaunti ndiyo duka lake na ana wakili.

## Hatua ya 8: Saa ya kwanza baada ya kurudishiwa

Usichapishe kitu. Badilisha nywila, weka uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya misimbo badala ya ujumbe wa simu, na ondoa programu zote ulizoziruhusu kuingia. Rekebisha tarehe ya kuzaliwa. Weka barua pepe iliyo yako, kisha ongeza msimamizi wa pili unayemwamini kwenye ukurasa wa Facebook na chaneli ya YouTube.

Tenganisha akaunti yako na za watu wengine. Futa chapisho ulilolishuku katika hatua ya tatu, hata kama umeshinda, mpaka utakapopata karatasi yake.

Rudi kuchapisha taratibu, kazi moja kwa siku kwa wiki ya kwanza, na uanze na ile ambayo umiliki wake hauna shaka hata kidogo. Video ya biti ya WhatsApp ibaki kwenye simu.